Kiti cha Katikati

Zulia la chumba cha kusikilizia spika dukani kwa Sabir lilikuwa nene kuliko godoro la Lornah. Alilijua hilo kwa nyayo, maana aliambiwa avue viatu mlangoni, na soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Kikapu chake nacho kilibaki nje, kando ya viatu. Sabir alikitazama, akavuta pumzi kidogo kwa adabu ya mtu aliyezaliwa dukani, akasema, "Mama, tukiache hapo. Mitambo yangu haipendi unyevunyevu." Kikapu kilikuwa kikavu. Kilichokuwemo ni harufu ya ngege, wale samaki wa ziwani aliokuwa akiwauza, na kila mtu pale alijua.

Ndani walikaa wanaume, wamefumba macho. Mapazia mazito yalifunika kuta hadi usingejua kama nje ni Kisumu au ni wapi. Mbele yao zilisimama spika mbili ndefu, na amplifaya yenye taa ya bluu ilikaa chini kwenye ubao. Katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja cha ngozi ambacho hakukaa mtu ovyo ovyo. Sauti, walisema, hufika sawasawa hapo tu. Ukisogea hata kiganja kimoja, umekwisha. Kwenye kiti hicho alikaa Gordon, mume wa Lornah, mikono juu ya mapaja, kidevu kimeinuliwa, kama mtu anayenyolewa ndevu.

"Bezi imekaa," alisema Frankline. Huyu alikuwa wakili, na kila Jumamosi alikuja pale na soksi zisizo na tundu.

"Imekaa," mwenzake akaitikia.

"Na iko na hewa. Mnaona vile gitaa imesimama huku mbele, alafu singer ako nyuma yake, kidogo kushoto?"

Lornah alitazama huku mbele. Aliona masanduku mawili na ukuta. Akatazama kushoto kidogo, akaona kiyoyozi. Moyoni alijiuliza ni ugonjwa gani huu unaoshika wanaume wenye pensheni, wakakaa gizani mchana kutwa wakionyeshana mahali aliposimama mtu ambaye hayupo.

"Tumsikie Jaji," alisema Sabir.

Jaji ni Gordon. Miaka yote ya kazi yake alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja mjini, akihesabu misumari na kutia sahihi kwamba misumari imehesabiwa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anaonaje. Alipostaafu alipita dukani kwa Sabir kununua waya wa redio, akasema neno moja juu ya spika iliyokuwa ikilia, na Sabir akamwambia, "Mzee, wewe una sikio." Basi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku hiyo Gordon hakununua waya, ila kila Jumamosi alikunywa soda ya bure na kutoa hukumu, na watu wenye pesa waliokuja kununua walingoja kwanza anyanyue kidevu. Sabir hakumwambia anunue kitu. Alimwita Jaji tu, akamwachia hilo lifanye kazi yake.

"Weka ile yangu," alisema Gordon.

Alitoa kwenye bahasha ya kaki santuri ndogo, ya zamani, iliyopauka pembeni. Ilikuwa na wimbo wa bendi moja ya kwao Gordon, Asembo, iliyokwisha kusambaratika, na waimbaji wake wote wamezikwa. Katika nyimbo za namna ile mwimbaji alitaja majina ya watu, na aliyetaka jina lake liingie alitoa chochote alichokuwa nacho. Baba yake Gordon, marehemu Nashon Ombogo, alitoa ng'ombe. Kwa ng'ombe yule alipata mstari mmoja: baada ya ubeti wa pili magitaa yanashuka, na mwimbaji anaita, "Nashon Ombogo, jamoko mar Asembo." Nashon Ombogo, tajiri wa Asembo. Kisha magitaa yanapanda tena, na ng'ombe amekwisha.

Wengine hupima spika kwa ngoma, wengine kwa kinanda. Gordon alizipima kwa baba yake. Wimbo ulipofika pale wanaume wote walinyamaza zaidi ya walivyokuwa wamenyamaza, na jina likatoka, nene, limejaa bezi.

"Ameingia kwa chumba," Gordon alisema polepole. "Mzee ameingia kwa chumba kabisa."

Frankline akatikisa kichwa, macho yamefumbwa. Huyo mzee hakumjua.

*

"Mama Sheryl, umesikia?" Gordon aliuliza walipofika barabarani. Lornah alikuwa amevaa viatu na kubeba kikapu.

"Nimesikia."

"Na?"

"Ni wimbo ileile iko nyumbani."

"Ya nyumbani ni kelele. Hii ni sauti." Alisema hivyo kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "December tunafanya rapar, tunamkumbuka mzee. Watu watatoka Asembo yote, watatoka Rarieda, watatoka Nairobi. Wakule, washibe, alafu nini? Niwawekee redio? Nataka mzee asikike mara moja vile alikuwa."

"Friza imekufa, Baba Sheryl."

"Friza ni kitu ya kila siku."

"Ndio. Mimi nauza samaki kila siku."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Malipo ya kustaafu ya Gordon yalikuwa yameingia benki, katika akaunti ya watu wawili, na hakuna senti iliyotoka bila sahihi ya Lornah. Akaunti hiyo waliifungua zamani, wakati Gordon alipotaka kuonekana kanisani mume wa kisasa. Walikuwa wamekubaliana kwamba pesa ile itanunua friza kubwa ya kibanda cha samaki cha Lornah huko Otonglo, maana kibanda ndicho kilichokuwa kikiwalisha sasa. Pesa ilitosha friza. Ilitosha pia spika za Sabir na amplifaya yake. Haikutosha vyote viwili, na ndiyo maana Lornah alikuwa akipelekwa chumba cha kusikilizia siku hizi: apate kusikia, alainike, atie sahihi.

Sasa Lornah alikuwa amesimama mbele ya duka la vyombo vya umeme lililotazamana na la Sabir. Friza nyeupe zilipangwa kwenye kioo, vifuniko wazi. Gordon hakuzitazama.

*

Pale Otonglo, kando ya barabara ya Busia, Jentrix, muuza samaki mwenzake Lornah, alikuwa na friza mbili. Alimruhusu Lornah aweke samaki wake chini kabisa ya moja, kwa hisani, na hisani ile ilikuwa inaanza kuoza kabla ya samaki.

"Lornah, nisaidie," alisema asubuhi moja, mikono kiunoni. "Customer wangu wa hoteli ameitisha mbuta leo, na hizo samaki ni kubwa. Toa zako kidogo."

"Nitaweka wapi?"

"Sijui. Mimi nasema tu kidogo." Akamwangalia akiwatoa ngege mmoja mmoja na kuwaweka kwenye beseni juani. "Nasikia mzee amekuwa jaji huko town."

"Nani amekuambia?"

"Watu. Wanasema anakaa kwa kiti anafunga macho, Wahindi wanamwogopa." Jentrix alicheka kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Si akuhukumie hii kesi ya friza basi."

Saa za mchana nzi walikuja. Wateja walipita, wakabonyeza shavu la samaki kwa kidole, wakaenda kwa wale wa katoni waliotoka ng'ambo, wagumu kama matofali, wasiojua ziwa. Ngege aliyelala Asembo Bay jana yake akakosa mnunuzi Otonglo leo kwa sababu ya jua. Jioni Lornah aliwauza wote kwa mwanamke wa kukaanga, kwa bei ambayo hakuitaja nyumbani. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na mahali pa kwenda: ilikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ngozi.

*

Walikaa mtaa wa Manyatta, katika ploti ya vyumba vilivyopangana. Mama yake Gordon, mama mzee Dorca, alikuwa na chumba chake mwisho wa mstari, kwa kuwa mama halali nyumba ya mwanawe. Lakini mchana alikuja kukaa mlangoni kwao, miguu imenyooshwa, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Maneno yake yalikuwa machache. Alikuwa na kicheko. Hakikutoka mdomoni, kilitoka puani, kwanza mguno mfupi wa kushuka, kisha pumzi tatu za harakaharaka, kisha kimya. Wajukuu walikuwa wakikiigiza. Kilimtoka kila mwanamume aliposema jambo kubwa kuliko yeye mwenyewe, na mtu akishakisikia hakisahau.

"Mama," Gordon alimwambia jioni hiyo, "rapar ya mzee itakuwa kubwa. Nitamweka kwa spika, watu wamsikie mpaka ng'ambo ya bay."

Mguno. Pumzi tatu. Kimya.

"Mama anacheka nini?"

"Omena hizi zina mchanga," alisema Dorca.

Gordon akaingia ndani, akaweka santuri kwenye mashine yao kuukuu, yenye spika moja iliyopasuka. Wimbo ulipoanza Dorca aliinua ungo, akainuka kwa shida, akaenda chumbani kwake. Kila mara ilikuwa hivyo. Gordon alisema ni majonzi. Lornah naye aliamini ni majonzi, kwa sababu ndilo neno ambalo mke wa mwana anatakiwa kuamini.

*

Frankline ndiye aliyemtia Gordon maneno. Alisema hakimu hahukumu kabla ya kusikia pande zote mbili, na kwamba huko Milimani, mtaa wa matajiri, kulikuwa na mtu aitwaye Faraji, ambaye hakuwa na duka. Alikuwa na nyumba, na chumba kimoja cha nyumba hiyo kilikuwa na vitu ambavyo Sabir aliviona kwenye picha tu.

Faraji alikuwa mrefu, mtulivu, na dharau yake haikuwa na haraka. Hakumwita mtu jaji. Aliwatazama miguuni, akawapa ndara safi, akawaketisha. Kikapu cha Lornah hakukisema. Alifungua tu dirisha.

"Umeleta nini?" alimuuliza Gordon.

Gordon akatoa bahasha. Faraji aliishika santuri kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii mlikuwa mkiikalia?"

"Ni ya marehemu baba yangu," alisema Gordon.

"Samahani. Lakini imejaa uchafu. Mlichokuwa mkisikia miaka yote hii ni vumbi."

Akaipeleka kwenye mashine ndogo yenye maji na brashi, akaiosha, taratibu, huku Gordon akiwa amenyoosha shingo kama mtu anayetazama mwanawe akidungwa sindano. Akaikausha. Akaiweka. Spika za Faraji zilikuwa ndogo, hazikufika hata kiunoni, na Gordon alimtupia mke wake jicho la kusema: nilikuambia, hakuna kitu hapa.

Kisha wimbo ukaanza, na hata Lornah, ambaye alikuwa ameapa kutosikia lolote, alisikia. Zulia halikuwa nene na taa ya bluu haikuwepo. Kulikuwa na watu tu. Mpiga gitaa alikwaruza waya kwa ukucha. Mtu alisogeza kiti. Mwimbaji alivuta hewa kabla ya kuanza mstari, na Lornah akajua kwamba alikuwa kijana na alikuwa na mafua. Alichukia kukiri, lakini wanaume wale, kwa ujinga wao wote, hawakuwa wakisema uongo mtupu.

Ubeti wa pili ukaisha. Magitaa yakashuka.

"Nashon Ombogo, jamoko mar Asembo."

Na nyuma ya jina, mbali kidogo, kwenye kona ya chumba kile cha zamani, mguno mfupi wa kushuka. Pumzi tatu za harakaharaka. Kisha mtu akasema "sss", na magitaa yakapanda.

Lornah alikijua kicheko kile. Hakumtazama Gordon. Alitazama ndara.

"Aha," alisema Faraji, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hicho hamjawahi kukisikia, sivyo? Kuna mwanamke mle ndani. Anacheka. Sikilizeni tena."

"Si lazima," alisema Gordon.

"Ni lazima. Hii ndiyo tofauti ya mashine na mashine." Akarudisha sindano nyuma kwa uangalifu. Nashon Ombogo, tajiri wa Asembo. Mguno, pumzi tatu, sss. "Yuko nyuma, kulia, karibu na mlango. Na hacheki kwa furaha, mnasikia? Anamcheka huyu bwana anayetajwa. Ajabu. Mara ya mwisho, halafu tuendelee." Akarudisha tena.

Faraji hakujua Kiluo, wala hakujua Nashon ni nani. Alikuwa akionyesha bidhaa. Lornah aliiona mikono ya Gordon juu ya mapaja, vidole vikishika suruali na kuiachia, na akamwonea huruma, na huruma ile ikamuudhi kuliko dharau. Mtu ametoa ng'ombe apate sifa. Sifa ikatunzwa kwenye bahasha. Na ndani ya sifa, tangu siku ya kwanza, mkewe amekaa kona anamcheka. Na mwana wa mtu huyo amezunguka mji mzima akitafuta mashine ya kuisema vizuri.

"Toa," alisema Gordon. Sauti yake ilikuwa ya stoo, ile ya kuhesabu misumari. "Nimesikia ya kutosha."

"Unaonaje?"

Gordon akainua kidevu. "Hii mashine yako ni kali. Lakini inaongeza vitu."

"Inaongeza?"

"Inaongeza vitu ambayo haiko. Sauti lazima ikuwe ya ukweli."

Faraji alimtazama, kisha akamtazama Lornah, kama mtu aliyepewa noti bandia na anamtafuta shahidi. Lornah aliinama akavua ndara.

*

Nyumbani Gordon aliingia ndani, akavuta pazia la mlango. Dorca alikuwa mlangoni na ungo wake. Lornah akakaa kando yake, akachukua fungu la omena, akaanza kuchambua. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti ya redio wala ya kijiko.

"Mama," alisema Lornah, "siku ile ya kurekodi wimbo ya mzee, wewe ulikuwa huko?"

Dorca hakuacha kuchambua. "Nani amesema?"

"Wewe mwenyewe. Leo. Kwa spika."

Mikono ya Dorca ikasimama. Alitazama pazia, na Lornah akaona kwamba anajua vizuri sana nani yuko nyuma yake. Alipozungumza hakushusha sauti.

"Ng'ombe ilikuwa yangu," alisema. "Ilitoka kwa kaka yangu Dalmas. Ilikuwa ya maziwa. Nashon aliiuza, alafu akakuja na mimi hapa town ndio nione pesa imefanya kazi gani, nisiseme ameikunywa. Waliniweka kwa kona karibu na mlango. Wakaniambia nisipumue." Akaokota jiwe kwenye omena, akalitupa. "Nimevaa leso ya kuazima. Watoto nyumbani wanakunywa chai nyeusi. Sasa kijana yule anaimba, ati tajiri ya Asembo. Ilitoka tu, nyathina, mwanangu. Mimi sikuiita."

"Na hawakusikia?"

"Walisikia. Mwenye mashine alitaka warudie. Wakasema tepu ni ghali. Nashon akasema, achana nayo, haisikiki." Akautikisa ungo. "Nimeogopa hiyo wimbo miaka yote. Kila akiweka, natoka. Najiambia, leo itasikika."

Nyuma ya pazia kiti kililia, mtu akaketi au akainuka. Lornah alingoja Gordon atoke, aseme neno, amkemee mama yake au amwombe msamaha kwa ajili ya baba yake. Hakutoka. Na Lornah, aliyekuwa amekaa pale na omena mapajani, alijiona yeye mwenyewe kwenye kona ya chumba kile, karibu na mlango, ameletwa ili aone pesa imefanya kazi gani. Aliona aibu kama ya mtu aliyekamatwa.

*

Jumamosi Gordon alivaa koti. "Tunaenda kwa Sabir," alisema. "Leo tunamaliza. Tukitoka hapo tunapita benki."

"Baada ya ile tulisikia?"

"Mimi sikusikia kitu. Ile ya Milimani ni mashine mbovu."

"Baba Sheryl."

"Mzee wangu atasikika," alisema Gordon, hamtazami. "Vile alitaka kusikika."

Lornah angeweza kukataa hapo hapo, mlangoni. Angeweza kusema sitii sahihi, na mambo yangeisha kwa kelele, na kelele zingefika kwa shemeji zake Asembo, na kesho yake angekuwa mwanamke aliyezuia rapar ya baba mkwe. Alijua hivyo, na Gordon alijua kwamba anajua. Akachukua kikapu chake, kwa sababu alitakiwa kupitia sokoni, na ndani yake mlikuwa na ngege wa jana, ambao Jentrix alikuwa ameshindwa kuwapa nafasi.

Kwa Sabir kila kitu kilikuwa tayari. Soda zilifunguliwa. Frankline alikuwepo, na mwingine, wote katika soksi. Sabir alikuwa amepata habari kwamba leo ni siku ya sahihi, maana alimpokea Lornah kabla ya mumewe.

"Leo Mama ndiye jaji," alisema. "Leo Mama akae katikati."

Wanaume wakacheka kwa ukarimu. Lornah akaketi kwenye kiti cha ngozi. Kilikuwa laini kweli, na kilimmeza kiuno. Akafikiria ni muda gani mtu anaweza kukaa kwenye kitu kama hiki bila kuanza kujiona mkubwa. Gordon alisimama ukutani, mahali ambapo yeye Lornah alizoea kusimama.

Sabir akaongeza sauti kuliko siku nyingine. Debe tupu haliachi kuvuma, na spika zile ndefu zilivuma hadi soda zikatetemeka kwenye sinia. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Magitaa yakashuka, na jina likaja, nene, limevimba, limefunika kila kona. Lornah alisikiliza nyuma ya jina, kulia, karibu na mlango. Hakukuwa na kitu. Bezi ilikuwa imemkalia Dorca mdomoni.

Alimwona Gordon akiachia pumzi. Uso wake ulirudi ukawa wa jaji.

"Hii ni ukweli," alisema Gordon. "Sabir, rudia hapo."

Sabir akarudia. Magitaa yakashuka.

"Nashon Ombogo, jamoko mar Asembo."

Na kwenye kiti cha katikati, mahali ambapo sauti zote hufika sawasawa, Lornah aliguna. Mguno mfupi, wa kushuka. Kisha pumzi tatu za harakaharaka puani, kisha kimya. Hakuwa amekipanga kicheko kile. Hata hivyo kilitoka kamili, kila pumzi mahali pake, kama kitu alichokuwa amekiweka miaka mingi akingoja pa kukitolea.

Frankline alifumbua macho. "Mama, tafadhali," alisema Sabir, bado anatabasamu. "Humu huwa hatusemi muziki ukilia."

"Sijasema," alisema Lornah. "Rudia."

Sabir alimtazama Gordon, mkono juu ya mashine. Gordon alikuwa akimtazama mke wake kwenye kile kiti, na Lornah hakuteremsha macho. Hakuwa na hasira tena. Aliona mtu mwenye koti la kazini na soksi zilizoshonwa na yeye mwenyewe Lornah, mtu ambaye atakisikia kicheko kile siku ya rapar mbele ya Asembo yote, kwa spika yoyote atakayonunua, kwa sababu mwenye kukicheka atakuwa amesimama hapo hapo akigawa chai. Na kitatoka kwa wawili, yeye na Dorca.

"Nirudie, Jaji?" Sabir aliuliza.

Gordon alikwenda kwenye mashine, akaiinua sindano mwenyewe. Akaitoa santuri, akaipangusa kwa kiwiko cha koti, akairudisha kwenye bahasha ya kaki. Ilimchukua muda, kwa kuwa bahasha ilikuwa ikikataa.

"Sabir," alisema, "hii yako pia inaongeza vitu."

Hakunywa soda yake. Nje alivaa viatu, akafunga kamba, akasimama akitazama kikapu kilichoachwa ukutani peke yake. Akakiokota, akanusa, akakishika mbali kidogo na koti.

"Wale wanauza friza," alisema, "wako upande gani?"

Lornah akamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa ng'ambo ya barabara.